Usaili wa mchujo benki: Kiingereza na maswali ya majedwali, mnafanyaje mazoezi?

mtoto_wa_Igoma
Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada hasa kwa mliowahi kupita kwenye usaili wa benki. Nimemaliza chuo, nimesoma biashara, sa hivi nipo Buzuruga pale karibu na stendi nafanya uwakala wa pesa za simu huku naomba kazi, sasa juzi imeingia meseji nimeitwa usaili wa mchujo nafasi ya afisa benki, mtihani ni wa kompyuta, sehemu ya kwanza Kiingereza, ya pili namba na data.

Hesabu zenyewe siziogopi maana kutwa nzima napiga hesabu za kamisheni na floti, shida yangu ni yale majedwali, unapewa jedwali moja lina maswali matano, ukija kushtuka muda umekata na umejibu mawili. Halafu Kiingereza nikisoma naelewa vizuri tu ila wakiniwekea sentensi wakaniambia nionyeshe kosa lilipo naona zote ziko sawa. Nimepakua mapdf ya India kibao yana lakh na crore mpaka kichwa kinaniuma. Na kuna jamaa kwenye grupu la wasap anasema anayo "maswali yenyewe" elfu 15, bado sijamtumia. Nianzie wapi jamani? Mwenye nondo asininyime.

nondo_tupu
Elfu 15 nenda Mwaloni kanunue sato, kaanga, kula, lala. Huyo jamaa anakuuzia pdf hizo hizo za India kafuta nembo tu akaweka namba yake ya simu. Tena mwambie akupe swali moja tu la mfano uone atakavyoanza kuleta story.

Mzee_wa_Kaunta
Marhaba binti, na hongera kwa kuitwa, wengi hata hapo hawafiki. Mimi nimekaa kaunta za benki miaka mingi na hawa vijana wa siku hizi nimewasaidia kujiandaa mara nyingi tu, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo nivumilie.

Kwanza hayo mapdf ya India usiyatupe, ni mazoezi mazuri sana na ni ya bure. Kule wana chombo chao IBPS kinachosimamia mitihani ya ajira za benki nyingi za serikali, mamilioni ya watu wanaomba ndo maana mazoezi yamejaa mtandaoni. Lakh usiiogope ni laki yetu hii hii, 100,000, na crore ni laki 100 yani milioni 10. Kinachochanganya watu ni mkato, wao wanaandika 12,50,000 ukiona hivyo ni 1,250,000, basi hamna uchawi mwingine. Ila mwendo wao usiubebe mzima mzima. Mchujo wao wa kwanza wa maafisa ni maswali 100 kwa dakika 60, kila sehemu dakika 20, na ukikosa unakatwa robo ya alama ya swali. Huko ukibahatisha bahatisha unaumia. Kwenu wewe soma maelekezo ya siku hiyo, kama hakuna kukatwa usiache hata swali moja wazi, kama kuna kukatwa lile usilolijua kabisa ruka.

Sasa majedwali. Nikuambie kitu, mtu anayepiga hesabu za floti kutwa hawezi kushindwa jedwali kwa sababu ya hesabu. Anashindwa kwa sababu ya Kiingereza cha swali. Nyie mnaiona Kiingereza sehemu ya kwanza na data sehemu ya pili kama vitu viwili, mimi naona ni kitu kimoja. Angalia hili nimelitunga hapa hapa, mfanyabiashara wa dagaa Kirumba:

Januari magunia 480
Februari magunia 600
Machi magunia 540

Swali la 1: "By what percent did sales in February exceed sales in January?" Tofauti ni 120, unagawa kwa nini? Kwa 480, jibu 25%. Ukigawa kwa 600 unapata 20%, na hiyo 20% utaikuta imekaa pale kwenye machaguo inakusubiri, hawa watunzi sio wajinga.
Swali la 2: "By what percent are sales in March less than in February?" Tofauti 60, hapa sasa unagawa kwa 600, jibu 10%.
Swali la 3: "March sales are what percent of January sales?" Hili halina kutoa kabisa, ni 540 kwa 480, jibu 112.5%. Wangeuliza "what percent more than" ndo ingekuwa 12.5%. Namba ni zile zile, jedwali lile lile, kilichobadilika ni maneno mawili tu.

Kwa hiyo zoezi langu ni hili, chukua jedwali, usipige hesabu kabisa. Soma maswali yote, kila swali andika pembeni nagawa kwa nini na je natoa kwanza au sitoi. Maswali ya jedwali zima. Ukimaliza ndo urudi upige hesabu. Siku za mwanzo itakuchosha na utaona unachelewa lakini vumilia, baada ya muda mkono unakwenda wenyewe. Na ukikuta "than" au "of" tafuta neno linaloifuata, hilo ndo la kugawia mara nyingi sana.

Kingine, usianze kusoma jedwali. Watu wanasoma jedwali lote na namba zote kama wanasoma gazeti. Soma kichwa cha jedwali, angalia vipimo (wameandika "in thousands" au "in millions"? hapo wengi wanaanguka), halafu nenda kwenye swali, swali litakuambia macho yaende wapi.

binti_malimbe
Mzee umemaliza kwenye data, mimi niongezee kwenye Kiingereza maana ndo nilipokuwa nakomaa napo wakati nasoma SAUT.

Dada yangu sababu ya kuona sentensi zote ziko sawa ni kwamba unazisikia kwa sikio la Kiswahili. Sisi tunasema "tujadili kuhusu mkopo" kwa hiyo ukiandikiwa "We discussed about the loan" inapita kama maji, kumbe kosa ni hiyo about. Vile vile "return back", "despite of", "requested for a statement", zote unazisikia kila siku maofisini na wote tunaongea hivyo hivyo na maisha yanaenda. Kwenye mtihani ndo zinawekwa makusudi. Tengeneza daftari la makosa ya namna hiyo tu, usiandike kanuni ndefu za grama, andika sentensi iliyokosewa na chini yake iliyo sawa.

La pili ni kitenzi kulingana na mtenda. Wanapenda kuweka maneno mengi katikati ili usahau nani anatajwa, mfano "One of the customers who came with their cheques have complained", pale sikio linasikia cheques linataka have, wakati anayelalamika ni one, inatakiwa has. Dawa yake unafunika maneno ya katikati kwa kidole unabaki na "One... have complained" kosa linajitokeza lenyewe. Na ile "the number of" inachukua is lakini "a number of" inachukua are, hiyo kariri tu usiulize.

Kusoma: soma kitu cha pesa kwa Kiingereza kila siku hata ukurasa mmoja. Benki Kuu wanatoa taarifa ya uchumi ya kila mwezi, ipo bure kwenye tovuti yao, ya Kiingereza, imejaa majedwali na grafu, yani unapiga ndege wawili, unasoma maelezo halafu unaangalia kama jedwali linasema kweli hicho kilichoandikwa. Mimi ndo ilikuwa dawa yangu kuliko pdf yoyote. Inachosha mwanzoni lakini maneno yanajirudia rudia mpaka unayazoea.

Kamanga_Ferini
Wakuu mmesahau ile ya True, False, Cannot Say. Mitihani mingi ya kompyuta inayo hiyo na inaua watu kuliko jedwali. Unapewa kifungu kifupi halafu sentensi, unaambiwa jibu kwa kilichoandikwa TU. Sisi watu wa ziwani tunaponzwa na kujua mambo. Mfano kifungu kinasema wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani siku za mbalamwezi, na wachuuzi wengi hukopa kabla ya giza kuanza. Sentensi: "Wachuuzi waliokopa hupata faida kubwa kuliko wasiokopa." Mtu wa Mwaloni anajibu True chap chap maana shangazi yake alikopa akajenga. Kifungu kimesema hivyo? Hakijasema. Jibu ni Cannot Say. Shangazi muache nyumbani.

Halafu kingine cha benki hasa, tofautisha asilimia na pointi za asilimia. Riba ya Benki Kuu ilianza na 5.5% Januari 2024, Aprili 2024 wakaipandisha ikawa 6%. Imepanda kwa pointi za asilimia 0.5. Lakini ukiulizwa imeongezeka kwa asilimia ngapi ni 0.5 kwa 5.5, kama 9.1%. Julai 2025 wakaishusha mpaka 5.75%, hiyo wanasema imeshuka kwa basis points 25, maana pointi moja ya asilimia ni basis points 100. Haya maneno unaweza kuyakuta kwenye mchujo na ukipita utayakuta tena kwenye mahojiano.

mtoto_wa_Igoma
Jamani wabeja sana, nimejifunza hapa kuliko zile pdf zote. Mzee lile swali la magunia la kwanza nilipata 20% kichwani kabla sijashuka chini 😅 Swali moja, kikokotoo kinaruhusiwa? Na kama hakuna nafanyaje kwenye namba kubwa?

Mzee_wa_Kaunta
Sehemu nyingine kinaruhusiwa, nyingine wanaweka kwenye skrini, nyingine hakuna kabisa, barua ya wito au maelekezo ndo yatasema. Jiandae kama hakuna. Angalia machaguo kwanza, yakiwa yameachana mbali hamna haja ya kupiga hesabu kamili, kadiria. Na sehemu hizi ziwe kichwani kama jina lako: 12.5% ni moja ya nane, 37.5% ni tatu ya nane, 16.7% ni moja ya sita, 8.3% ni moja ya kumi na mbili.

Haya jaribu hili la nyumbani, bila kikokotoo. Sensa ya 2012 mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509, sensa ya 2022 watu 3,699,872. Idadi imeongezeka kwa asilimia ngapi? A) 25 B) 33 C) 37 D) 43

nondo_tupu
A. Rahisi sana hiyo, nimefanya kichwani nikiwa kwenye daladala.

mtoto_wa_Igoma
Nimekata nikafanya 2.77 na 3.70, tofauti 0.93. Nagawa kwa ya zamani 2.77, ni kama theluthi moja. B?

Mzee_wa_Kaunta
B ni sahihi binti. Nondo umegawa kwa 3.70, ndo maana ikakujia 25, nilikuwekea hapo makusudi. Na ile 37 ni ya nchi nzima, kutoka watu 44,928,923 mpaka 61,741,120, niliiweka kwa ajili ya yule anayekumbuka habari za redioni badala ya kusoma jedwali.

nondo_tupu
😂😂 Mzee unatega kama nyavu za makokoro. Konda alikuwa ananidai nauli sikuwa na utulivu.

Kamanga_Ferini
Dada na hili la grafu ya duara: Kenya ina kama 6% ya Ziwa Victoria, kipande chake kwenye duara kina nyuzi ngapi?

mtoto_wa_Igoma
Asilimia moja ni nyuzi 3.6, mara 6 ni 21.6. Nimetumia kama sekunde 10 hivi, mteja alikuwa anasubiri kutoa hela.

binti_malimbe
Safi. Sasa tafuta mwenzio mmoja wa kukushikia saa, jumamosi mkakae maktaba ya mkoa mfanye mtihani mzima bila kugusa simu, kwenye kompyuta kama mnaweza kupata hata ya kukodi, maana kusoma jedwali kwenye skrini na kulisoma kwenye karatasi sio sawa, kwenye skrini huwezi kuchora mstari chini ya "than".

Mzee_wa_Kaunta
Karatasi ya kuchorea kama wanaruhusu iombe mapema kabla saa haijaanza, usisubiri.