Jiwe jeupe au la waridi kwa kunolea patasi na tezo?

FundiMaboti_Kibirizi
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mashine ya kunolea ya mezani, mizunguko 2850 kwa dakika, jiwe la kijivu la milimita 150, limeandikwa A 36 P. Patasi ikigusa kidogo tu ncha inageuka bluu na makali hayadumu. Dukani kuna jeupe, la waridi na la kijani. Muuzaji anadai la waridi ni rubi iliyosagwa. Nichukue lipi?

Korandamu
A ni oksidi ya alumini, 36 ni punje kubwa, P ni gundi inayoshika sana. Punje zikibutuka haziachii, zinasugua badala ya kukata, na huko kusugua ndiko kunakoleta moto. Chuma kikionyesha bluu kimefika karibu nyuzi 300. Ugumu umeshatoka na maji hayaurudishi. Saga mpaka uvuke sehemu yote ya bluu.

Chukua jeupe, WA 60 (WA ni oksidi ya alumini nyeupe), herufi J au K, yaani gundi inayoachia mapema kuliko P. Ni alumina, yaani oksidi ya alumini, ya zaidi ya asilimia 99. Punje zake huvunjika upesi na kutoa ncha mpya. La kijivu huyeyushwa kutoka boksiti na hubaki na oksidi ya titani, hivyo punje zake hazivunjiki kirahisi. Liwekee kazi ya kusawazisha welding.

Vito_Tabora
Hakuna anayesaga rubi ya Longido au Winza kwa kazi hiyo! Ila rubi, safiri na jiwe lako ni madini yale yale, korandamu, ugumu 9 kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10. Kromu kidogo ndiyo inayoipa rubi wekundu. Kiwandani nako huongeza oksidi ya kromu kwenye alumina, ndiyo hiyo waridi. Kwa patasi tofauti yake na jeupe ni ndogo, usilipie zaidi.

Korandamu
La kijani ni silikoni kabaidi, liache.

Kabla ya kufunga, lining'inize jiwe kidoleni, uligonge kwa mpini wa bisibisi. Likilia wazi ni zima. Likitoa sauti butu lina ufa, litupe. Usibandue karatasi za pembeni. Liwashe dakika moja ukiwa umesimama kando. Kiegemeo unapolaza patasi kisiwe mbali na jiwe zaidi ya milimita 3, la sivyo patasi inavutwa ndani na jiwe linapasuka. Propela ya alumini usiipeleke hapo kabisa: alumini inaziba vitundu vya jiwe, joto linapanda, nalo linaweza kupasuka.

FundiMaboti_Kibirizi
WA 60 K ipo. Tezo nayo?

Korandamu
Hilo hilo. Gusa sekunde 2 au 3, chovya majini, rudia.