Maandamano ya Kampala 2024: wazo lilitoka Nairobi kweli?

SpeaMalaba:
Wadau, nauza spea za boda hapa Malaba, upande wa Kenya. Nina laini mbili, ya huku na ya Uganda, kwa hiyo simu yangu haijui mpaka. Juni 2024 vijana wetu waliuchambua Mswada wa Fedha huko TikTok, wengine kwa lugha za nyumbani, hadi kodi ya mkate. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, wengine hawakurudi makwao. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Mwezi haujaisha, fundi wangu, Mganda wa Tororo, ananionyesha tangazo: Julai 23, twende Bungeni Kampala. Nikasema hawa wametuiga. Ni kweli? Na mbona kule halikuzaa?

Ntinda_Stage:
Ssebo, msijipe sifa zote. Mapema mwaka ule, kabla ya mswada wenu, mwanahabari Agather Atuhaire, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo na wenzao walikuwa wakianika matumizi ya Bunge letu kwenye mtandao wa X, posho na safari, wakayaita maonyesho. Hasira tulikuwa nayo. Kwenu tulichukua imani tu, kwamba mtu anaweza kwenda kwa miguu akarudi na kitu. Jumamosi kabla ya tarehe 23 Rais Museveni akatuonya tunacheza na moto. Jumanne yenyewe askari walijaa barabarani, na waliojitokeza wakakamatwa kwa makumi. Kufunga mtandao peke yake kusingetuzuia, VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, tulishaizoea tangu 2018 tulipotozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandaoni. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021.

Bi_Kizingo:
Askari ni sehemu tu, kaka. Kenya kulikuwa na mswada, karatasi yenye siku ya kura Bungeni. Unamtumia mbunge wako ujumbe, kisha unaona amekaa wapi: 195 walisema ndiyo, 106 hapana. Kampala walidai ufisadi ukome. Ufisadi haupigiwi kura Jumanne.

Tazama Madagaska, Septemba 2025. Waliandamania maji na umeme, kitu ambacho kila nyumba inajua kama kipo au hakipo. Bendera waliazima: lile fuvu la katuni ya Kijapani One Piece, lililokwisha kupita Indonesia na Nepal. Lakini wakalivua kofia yake ya majani wakalivika ya kwao, ya kienyeji. Mimi hapo ndipo nilipowavulia kofia (samahani kwa utani).

SpeaMalaba:
Asanteni. Bi Kizingo, hiyo ya siku ya kura sikuwa nimeifikiria kabisa.

Nimemsomea fundi majibu yenu, akacheka mpaka akaweka spana chini. Anasema hayo maonyesho ya Bunge lao alinionyesha yeye mwenyewe, hapa hapa dukani, kwa simu yangu, laini ya Uganda, miezi kabla ya Juni. Eti nilimjibu aache udaku, kuna mteja anangoja cheni.

Sikumbuki. Ila mteja wa cheni namkumbuka, bado ana deni langu.