Nyimbo za Kijapani zenye mvua za kuimba karaoke, naombeni ushauri

mgeni_osaka
Habari zenu wadau. Nipo Osaka kikazi na tsuyu ndo imeshaingia, huu msimu wao wa mvua wa kuanzia Juni mpaka Julai, na mvua yenyewe sio ya kumwaga ikapita kama masika ya kwetu, inanyunya kutwa nzima nguo hazikauki wiki nzima. Sasa ofisini wamepanga Ijumaa tukishakula twende karaoke, na dada mmoja wa kazini katoa wazo kila mtu aimbe wimbo unaohusu mvua. Bosi wetu anakaribia kustaafu, wengine ni vijana wadogo kabisa, na wote tutakuwa chumba kimoja. Mimi hiragana, zile herufi zao za silabi, nasoma bila shida ila kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, bado zinanisumbua, halafu sauti yangu nzito, juu siendi. Nataka niimbe Kijapani chenyewe jamani, sitaki nikakimbilie nyimbo za Kiingereza wakati watu wamenikaribisha kwao. Nichukue wimbo gani?

shangazi_kobe
Karibu mwanangu, na kwa mji uliopo wewe hata usihangaike. Imba Ame no Midosuji wa Ouyang Fei Fei, wa mwaka 1971. Midosuji si ndo ile barabara kubwa inayotoka Umeda mpaka Namba, basi kwenye wimbo mwanamke anatembea humohumo kuelekea kusini anamtafuta mpenzi wake na ile mvua ya kunyunya uliyoisema, anataja mpaka mtaa wa Shinsaibashi. Watu wa Osaka ukiwaimbia barabara yao wanafurahi mno, utawaona wanaanza kupiga makofi kabla hujafika katikati. Na cha kukutia moyo zaidi, Ouyang Fei Fei mwenyewe ni mtu wa Taiwan na muziki wake ulitungwa na The Ventures, bendi ya Wamarekani, kwa hiyo mgeni kuushika huo wimbo wala sio jambo la ajabu. Sauti yake nzito pia, ya kifua, haikuvutii juu sana.

Kuhusu kanji usiogope, kwenye skrini juu ya kila kanji wanaandika hiragana ndogo, wewe fuata hizo. Na sisi Waswahili tuna bahati moja kubwa, Kijapani silabi zake karibu zote zinaishia na irabu kama zetu, mdomo haugomi. Shida inakuja kwenye spidi tu, ndo maana nakusukumia nyimbo za zamani, kule kila silabi inapewa noti yake na muda wake.

mzee_wa_enka
Namuunga mkono dada hapo juu ila kama lengo ni bosi mimi ningeenda na Ame no Bojo wa Yashiro Aki. Huo ulichukua tuzo kuu ya Japan Record Award mwaka 1980 na watu wa umri wa bosi wako wanaujua kwa moyo. Mwanamke anaiomba mvua inyeshe, izidi kunyesha, imrudishie mtu wake. Halafu sikiliza hii ndugu yangu, kwenye kiitikio Yashiro alikuwa ananyoosha mkono mbele kiganja kikiangalia juu kama anakinga matone, na Wajapani wote wa rika hilo wanaijua hiyo ishara. Wewe ukifika pale nyoosha mkono tu, angalia meza nzima, bosi atakuwa ameshanyoosha wa kwake. Vijana nao hawatabaki nyuma maana yale maneno ya kuita mvua yanafanana na ya wimbo wa watoto, Amefuri, wa tangu 1925, na huo wanaufundishwa wakiwa wadogo.

Yashiro alifariki Desemba 2023. Ile sauti yake ya mikwaruzo kuiiga huwezi wala hutakiwi, imba na yako.

Na kile kitu cha enka, hizi nyimbo zao za zamani za mapenzi na huzuni, cha kuzungusha sauti mwisho wa mstari wanaita kobushi, watu wengi wageni wanakiogopa, lakini kama umekulia nyumba yenye taarab sikio lako limeshakizoea, usikilize mara kadhaa kisha uache sauti iende yenyewe. Kuna Mmarekani mweusi anaitwa Jero, mtu wa Pittsburgh, bibi yake Mjapani, alitoka mwaka 2008 anaimba enka tupu na Japani nzima ikamkubali.

otaku_254
Wazee heshima zenu lakini hapo vijana wa ofisi mmewaacha nje. Kuna wimbo mmoja unaunganisha wote na naona watu wanausahau, unaitwa Rain. Oe Senri aliutoa 1988, kwa hiyo bosi anaufahamu, halafu 2013 Hata Motohiro akauimba upya kwa ajili ya filamu ya katuni ya Shinkai Makoto, Kotonoha no Niwa, ile ya kijana wa shule na yule mwanamke wanakutana asubuhi za mvua pale bustani ya Shinjuku Gyoen. Filamu yenyewe inaanzia kwenye tsuyu! Ukiweka huo wimbo mwezi Juni kila mtu chumbani ana sababu ya kuupenda, mkubwa kwa mdogo. Ila maneno yamebanana kidogo kwenye beti, hapo lazima ufanye mazoezi.

Usiguse Ame to Cappuccino wa Yorushika kwa sasa hata wakikuomba, ni mzuri sana, naupenda kuliko yote niliyotaja, lakini maneno yanakimbia na anayesoma hiragana moja moja atabaki njiani. Na kama umekua na katuni ya Naruto kama sisi huku Nairobi kuna Niwaka Ame ni mo Makezu wa NICO Touches the Walls, huo nao una spidi lakini una mzuka wake, uweke akiba.

shangazi_kobe
Rain mzuri kweli @otaku_254 sikuukumbuka. Sasa mwanangu kwa sauti yako nzito jifunze kushusha ki, yaani ufunguo wa wimbo, watu wengi wanateseka bure na sauti ya mwimbaji wakati kwenye ile tableti ya kuchagulia nyimbo kuna sehemu ya ki, ukibonyeza alama ya kutoa inashuka nusu toni kila mara. Jua kabisa wimbo wako unashuka mara ngapi kabla ya Ijumaa, usiende kutafuta mbele ya watu.

Mazoezi nenda peke yako, hapa mtu kuingia karaoke mwenyewe ni kawaida kabisa hakuna wa kukushangaa. Nenda mchana katikati ya wiki, wanahesabu kwa nusu saa kwa kila kichwa na mchana bei iko chini sana kuliko Ijumaa usiku. Nyimbo nyingine zina sauti ya kuongoza, iwashe mara ya kwanza, uimbe nayo, kisha izime. Na ule mfumo wa kutoa alama kwa 100 uwashe ukiwa peke yako, unakuonyesha mistari sauti yako inapanda wapi na inashuka wapi, unajifunza mengi.

mgeni_osaka
Asanteni sana jamani, mmenipa moyo. Nimeusikiliza Midosuji toka jana na kweli unakaa kwenye sauti yangu, nimeshauchagua huo, na ule wa mkono nitauimba kama zamu ikinirudia. Swali la mwisho, jamaa wa kazini ananishawishi Rainy Blue, na pia wameniambia mgeni ndo atachagua wimbo wa kufungia. Mnasemaje?

mzee_wa_enka
Rainy Blue ni wa Tokunaga Hideaki, 1986, saa sita usiku, kibanda cha simu na mvua nje. Wimbo mtamu lakini unapanda, na ukishusha ki sana beti zinazama huko chini husikiki, mwachie jamaa auimbe mwenyewe kama anaupenda hivyo.

Wa kufungia weka Endless Rain wa X Japan, 1989. Najua umesema Kiingereza hutaki na huu una Kiingereza ndani, lakini kile kiitikio hata kwenye matamasha yao mashabiki ndo walikuwa wanakiimba ukumbi mzima, kwa hiyo hapo hauimbi peke yako, maiki unaisogeza kwa wenzako na zile noti za juu watabeba wao. Ni zaidi ya dakika 6 ule, na simu ya ukutani huwa inalia kama dakika 10 kabla muda wenu haujaisha, kwa hiyo usisubiri ilie ndo uanze kuutafuta, uweke kwenye foleni mapema.