Niuze Phoenix ninunue baiskeli ya umeme, au niifunge mota?

MamaPweza: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Alfajiri nachukua samaki na pweza Mikindani, nawapelekea wateja wangu Shangani na Ligula, Mtwara mjini. Ni kama kilomita 10, na tenga likijaa magoti yanalia. Nina Phoenix ya zamani, inchi 28, breki za fimbo. Kaka yangu aliyeko Dar anasema nichange ninunue ya umeme kamili. Fundi wa hapa anasema atafunga mota kwenye hiihii. Nimsikilize nani?

MzeeSpoku: Marahaba mwanangu. Kabla ya bei, angalia tenga. Maji ya samaki yanachuruzikia wapi? Gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za umeme zina mota nyuma, nyingine na betri wameiweka kwenye keria. Utakuwa unazimwagia chumvi kila asubuhi. Kwako mota ikae kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, betri katikati ya fremu. Kwa hiyo mimi niko na fundi.

Ila usitoe hela hujahesabu spoku. Phoenix nyingi za zamani zina 32 mbele na 40 nyuma, mota nyingi zina matundu 36. Hapo haziingiliani. Na hiyo inchi 28 inadanganya: ringi yako ni milimita 635, inayouzwa na mota kwa kawaida ni 622. Breki ya fimbo hubana ringi kwa ndani, upande wa spoku, haitaikamata ile mpya. Dai breki nyingine ya mbele. Mzigo ule na breki ya nyuma tupu, hapana!

Betri ya volti 48, Ah 10, ni wati-saa 480. Ukisaidia kwa pedeli, weka wati-saa 15 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni kama 300. Kuijaza yote inakula nusu yuniti ya Luku na ushee.

KijanaLigula: Mzee, heshima yako, lakini ya dukani waya zimefichwa vizuri na breki ni za diski. Masika yakianza, waya zilizofungwa kwa mipira ya tyubu zitamsumbua huyu dada.

MzeeSpoku: Kwa waya uko sahihi. Lakini kontrola ya dukani, kile kifaa kinachoongoza mota, ikifa, mara nyingi inataka ya kampuni ileile, hadi iletwe kutoka Dar mama wa watu kauza nini? Na dada, betri ije kwa basi au lori. Kwenye ndege abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160.

MamaPweza: Nimehesabu, mbele 32 kweli. Fundi anasema si tatizo, ataongeza matundu kwa drili.

MzeeSpoku: Akishika drili, chukua baiskeli yako uondoke. Mota inunuliwe ikiwa imeshasukwa kwenye ringi yake, na mpime upana wa foku kwanza, za zamani huwa nyembamba. Pande zote mbili za ekseli pafungwe kile kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke.

KijanaLigula: Drili tena 😂 Dada, tafuta fundi mwingine.