Shemeji anaweza kurithi banda la vinyago la mzee?

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Baba ni mchonga vinyago huko Newala, kama alivyokuwa babu. Sasa macho hayamsaidii. Mimi niko kwenye ghala la korosho, mdogo wangu yuko Dar. Anayeshinda bandani na mzee ni mume wa dada yetu. Huyo bwana anagonga gogo la mpingo kwa mgongo wa tezo, anategea sikio, anakwambia ufa umefika wapi kabla hajatoa hata ile nyeupe ya nje. Mzee anataka kumwachia banda, vyombo na wateja. Wajomba wamegoma, wanasema si damu yetu. Nasikia Wajapani wana karakana za familia za miaka mamia. Kwao mtoto asipotaka kazi inakuwaje?

Mama Masasi: Mfikishie mzee shikamoo yangu. Kimila Wamakonde hufuata upande wa mama. Mpwa wa mzee hayupo?

Fundi wa Kilwa: Mkuu, Wajapani mkwe mwenye mikono wanamwasili kabisa. Anaoa binti, anachukua jina la ukoo wa mke, anakuwa mtoto wa nyumba. Familia ya Raku ya Kyoto inafinyanga bakuli za chai tangu karne ya 16, sasa ni kizazi cha 16, na yule wa sita, Sanyu, aliingia kama mkwe. Kongo Gumi, wajenzi wa mahekalu wa Osaka walioanza mwaka 578, nao walipokea wakwe, na miaka ya 1930 kiongozi wao alikuwa mjane. Kilichowaangusha 2006 ni madeni.

Ila mimi linaloniuma ni mti. Hao Raku wanahifadhi udongo ili vitukuu waje kuufinyanga. Sisi mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufaa kuvunwa, halafu tunabishana nani arithi tezo! Wajomba waulizwe magogo ya mjukuu yatatoka wapi. Huku Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha msitu wao 2009, wanavuna kwa mpango.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Mama, mpwa yupo, ana cherehani yake na kazi ya tezo haitaki. Wajomba nitawaeleza habari za Sanyu, shemeji anastahili lile banda. Fundi, huko Kikole nikitaka gogo la halali naanzia kwa nani, serikali ya kijiji au maliasili wilayani?