Mnaokarabati magari ya jeshi nyumbani kisha mnatuuzia kimya kimya, mtaua watu!

Wakuu, uzi huu umeandikwa kwa hasira na povu ruksa. Anayejijua ajione humu humu.

Nimenunua M35A2, lile lori la jeshi la Kimarekani la kubeba tani 2.5 lenye tairi kumi. Muuzaji alilinadi kwa maneno "limekarabatiwa lote, kazi yako ni kuwasha na kuondoka". Kwa macho huwezi kumbishia: rangi mpya, taa za LED, redio na spika kila kona, viti vimevishwa upya. Tangu nianze kulifungua gereji kwangu, kila bolti ninayoilegeza nakuta balaa chini yake.

Nianze na breki, maana ndizo zilizonipandisha presha. Lori hili lina saketi moja tu ya mafuta ya breki. Moja! Upepo wa kompresa unasaidia kusukuma, lakini mafuta yanapita njia moja kwenda magurudumu yote. Yakivuja sehemu moja tu, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu hayanyonyi maji na gari linaweza kukaa stoo muda mrefu bila mfumo kuoza ndani. Sasa huyu bwana, yalipopungua, akajazia DOT 5.1. Najua kwa sababu chupa yenyewe ameisahau kwenye boksi la zana. Aliona 5 na 5.1 akadhani hii ya pili ni toleo jipya la ile ya kwanza. Thubutu! DOT 5.1 ni ya glaikoli, ndugu yake DOT 3 na DOT 4, yale mafuta ya breki ya kawaida, na haipatani kabisa na silikoni.

Nikayavuta mafuta ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, kwa bomba la sindano, nikayaweka kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Yakajitenga yenyewe. Juu zambarau iliyopauka, chini njano nzito, na katikati utando mweusi wa uchafu unaoning'inia. Huo utando ndio uliokuwa ukisukumwa kwenda kwenye silinda za magurudumu kila mara mtu alipokanyaga breki, na lori lenyewe lina uzito wa tani karibu sita bila mzigo! Dawa yake ni moja: kumwaga yote, kufungua silinda zote, kubadilisha raba zote, kusafisha mirija kwa spiriti na kuikausha kwa upepo ndipo ujaze upya aina moja. Kazi yote hiyo kwa sababu mtu kashindwa kuandika kikaratasi.

Umeme sasa. Gari la jeshi la namna hii ni volti 24, betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo. Jamaa alitaka redio yake ya volti 12, akachomeka waya kwenye betri moja tu. Ikapiga muziki, akajiona fundi. Chaji inapita betri zote mbili kwa pamoja, haijui kwamba moja inanyonywa na nyingine haiguswi. Inayonyonywa haijai hata siku moja, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka. Nilipofungua vifuniko, betri moja maji yamekauka na sahani za madini ya risasi ziko wazi, nyingine imekufa kwa njaa. Kuna kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 12, kidude unachokifunga mara moja ukasahau. Hakukitaka.

Na nyaya zenyewe! Kwenye magari ya jeshi la Marekani kila waya una kibati chenye namba, ili fundi asiyelijua gari afuate namba kwenye mchoro na kufika kwenye tatizo. Huyu kazikata namba zote, kapitisha waya mwekundu wa rangi moja kila mahali, kasokota ncha kwa vidole na kuzungushia selotepu. Fyuzi hakuna. Ile swichi ya taa yenye vipini vitatu kaitupa, kaweka vitufe vinavyowaka bluu. Vinapendeza usiku, sikatai. Taa za breki haziwaki.

Rimu nimeziogopa, sijazigusa mpaka nilipotoa upepo wote kwenye tairi kwa kung'oa kabisa vali. Hizi ni rimu zenye ringi ya kufungia, na ringi ikikaa vibaya huku tairi ina upepo, inaruka kwa nguvu ya kukata mtu kichwa. Ndiyo maana hujazwa ndani ya kizimba cha chuma. Mbili kati yake ringi zimepigwa nyundo mpaka zimepinda, kisha zimepakwa rangi nzito zionekane mpya. Wenye HMMWV, zile Humvee, nanyi msicheke: rimu zenu ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na asiyezijua akilegeza nati za rimu badala ya zile za gurudumu, tairi likiwa na upepo, hatasimulia.

Mtasema sipendi magari kubadilishwa. Nani kasema? Weka sofa, weka jiko, kata ekseli moja ya nyuma lori liwe fupi kama wafanyavyo wengi, lipake hata waridi. Gari ni lako. Ninachokataa ni kufunika. Mfano ni M151, jipu ndogo ya jeshi la Marekani: jeshi lilikuwa linazikata vipande kabla ya kuzitupa, kwa kuwa zilikuwa na sifa mbaya ya kupinduka kwenye kona, na watu wakaviunganisha kwa kuchomelea. Wapo waliochomelea vizuri na wanakuonyesha mishono bila kuulizwa, hao nawavulia kofia. Wapo pia waliojaza puti juu ya mshono, wakapiga msasa na rangi, wakaandika "haijawahi kuguswa".

Kuhusu msasa, naona picha za watu wakikwangua rangi ya jeshi kwa grenda uwanjani, kavu, bila barakoa, watoto wanazunguka. Rangi za zamani za jeshi nyingi zina madini ya risasi na kromiamu ya sumu, na ile ya CARC ya kuhimili kemikali ukiipasha moto au ukiichomelea inatoa moshi unaoharibu mapafu. Lowesha unapokwangua, vaa barakoa ya maana, na ukiuza gari sema chini ya rangi yako kuna nini. Mwenzako atakuja kuikwangua tena.

Halafu kuna lile jibu la kila siku: "gari la zamani hilo, mnunuzi ndiye wa kukagua." Nikague vipi mafuta yaliyochanganywa kwenye mirija? Nipasue kila tairi nione ringi kabla sijalipa? Aliyeyafanya yupo, anakumbuka, na hakukosa mdomo aliposifia spika. Mwongozo wa jeshi wenyewe, zile TM 9-2320, unapakuliwa bure. Waliouandika walieleza hata tone la grisi liende wapi, wewe umeshindwa kusema umekata waya gani.

Kwa sasa nahitaji msaada mmoja. Mwenye M35A2 ambayo nyaya zake hazijachezewa, naomba picha za nyuma ya dashibodi, karibu kiasi cha kusoma namba kwenye vibati, hasa zinazoingia kwenye swichi ya vipini vitatu na zinazoshuka kwenda kwenye swichi ya taa za breki. Wa "pole mkuu, yavumilie" wapite tu.