Vigimbi vimekaza, nitumie nini?

Mchovu21: Wadau jana nimepiga nusu marathoni, km 21 zote, leo ngazi nashuka ubavu kama kaa. Hizi rola za povu (yale magogo ya sponji ya kuviringishia misuli) zinasaidia kweli au hela inaenda bure?

DadaMbio: Pole. Zinasaidia kiasi, ila chukua tu kifimbo cha chapati uviringishe taratibu toka kifundoni kupanda juu, sekunde 30 hivi kila sehemu, mfupani usipite. Cha chapati nunua kingine 😂

Zungu4: Mi nina bunduki ya masaji, kile kimashine cha kugongagonga misuli, siku ya kwanza nikaweka spidi ya mwisho nikavilia damu paja zima. Anza na ndogo.

Kiatu: Ukiona mguu mmoja tu umevimba na una joto usikande kabisa, wahi hospitali, inaweza kuwa damu imeganda.

Mchovu21: Ni yote miwili, kifimbo nshaiba jikoni